Mashine Ikizimwa

Singe, Babati
11 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa kuku wa mama mkwe wamepata kideri na nyumba nzima iko msibani. Apolinary anakusalimu sana. Yuko Sigino shambani tangu Jumatatu. Mahindi yamebeba vizuri na maharage karibu yataanza kung'olewa. Baba yuko Bonga kama kawaida. Mguu unamsumbua asubuhi, ila ukimuuliza anasema ni kiatu. Nilipomwambia namwandikia dada yake, aliuliza kama masikio yako yamefunguka. Nikamjibu yangefunguka nisingekuwa nanunua bahasha.

Mimi bado nipo kwa Bwana Sadallah kwenye mashine ya kusaga. Napokea magunia, napima, nagombana na wanaotaka kuruka foleni. Jioni narudi nyumbani kope nyeupe kwa unga, na Apolinary ananiamkia "Shikamoo bibi." Kwa kweli Shangazi, kwa nini tusitumie tu meseji? Barua zinachelewa, na yule Praygod kondakta wa basi la Mbulu namjua, ni mtu wa kusahau.

Nilitaka kusahau: mwanzoni mwa mwezi wa kumi tunatarajia mgeni. Juzi alinigusa kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni gesi ya maharage.

Mwanao,
Ritha


Mbulu
1 Juni 2025

Ritha mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeanza na nalala na soksi. Jirani yangu Mama Fabiola anakusalimu. Ndiye aliyeniletea barua yako, kwa sababu Praygod aliisahau chini ya kiti, ikaenda hadi Karatu na kurudi inanuka dagaa. Mpe baba yako pole ya kiatu.

Kuhusu simu. Nikiiweka sikioni nasikia nyuki tu. Meseji naweza kuisoma, macho bado ninayo, lakini meseji haina nafasi ya salamu. Mtu anakuandikia "Uko?" kama mwizi anayechungulia dirishani. Mimi napenda barua ianze na shikamoo, ipite kwa kuku, ifike kwa baba yako, ndipo iingie ndani. Nivumilie. Wanafunzi wangu wa zamani sasa wana mvi na bado wananivumilia. Mtaa mzima wananiita Mwalimu, sina jina lingine hapa.

Lakini na wewe umezidi. Mgeni umemweka mwisho wa ukurasa, nyuma ya kuku wagonjwa! Nilipokuwa nafundisha insha, mtoto aliyeficha jambo kubwa kwenye mstari wa mwisho nilimrudishia daftari aandike upya.

Nimefurahi. Ile mistari yako michache naisoma kila siku nikishakunywa chai. Hudhuria kliniki bila kukosa, na magunia waachie wanaume.

Shangazi yako,
Mwalimu Brigita


Singe, Babati
6 Julai 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Kuku watatu wamepona na mama mkwe amerudi kucheka. Baba amekubali kupelekwa kuangaliwa mguu, ila amesema atakwenda na kiatu kingine kwanza. Apolinary amevuna nusu ya shamba, mgongo unamuuma lakini hasemi.

Msimu umetushika. Foleni inafika hadi barabarani, mashine inanguruma asubuhi mpaka giza linapoingia, hata Jumapili tukitoka kanisani. Inazimwa Ijumaa peke yake, Bwana Sadallah akienda kuswali, na hapo ndipo watu wote tunakumbuka kwamba tuna masikio. Samahani Shangazi, sikukusudia.

Mgeni wetu ni mchezaji, sijapata kuona. Nakaa kwenye benchi la mizani, lile lililofungwa kwa nondo kwenye sakafu ya mashine, na mota ikiwashwa tu na yeye anaanza. Kutwa nzima anacheza! Bwana Sadallah anasema huyu ni fundi mota, ameshamwajiri. Kliniki Nesi Anifa aliniuliza, "Mtoto anacheza?" Nikamwambia anacheza kuliko wote waliopo kwenye foleni yako.

Jambo la mwisho, na usinirudishie daftari. Baba alikunywa kidogo kwenye sherehe ya kipaimara hapa kwa jirani, akasema wewe uliwahi kukaa peke yako chumba cha nyuma msimu mzima kwa sababu ya mtoto. Nikamuuliza mtoto gani. Akaomba maji ya kunywa. Mtoto gani, Shangazi?

Mwanao,
Ritha


Mbulu
14 Julai 2025

Ritha mwanangu,

Marahaba. Nafurahi kwa kuku watatu. Huku tumevuna viazi vingi, Mama Fabiola ameniletea debe zima na sijui atakayevila ni nani. Padri mpya ni kijana, anahubiri akitazama chini, hivyo siwezi kusoma midomo yake. Nakaa tu nawaza mambo yangu hadi wenzangu wasimame.

Sasa nisikilize. Tangu masikio yangu yaanze kufa, nimejifunza kusikia kwa miguu. Lori likipita barabarani silisikii, lakini nyayo zinaniambia. Mtu akigonga mlango, natambua kwa mkono nilioegemeza mezani. Kwa hiyo kwenye habari za kutetemeka usibishane na mimi.

Mtetemo wa mashine unatoka nje, unaingia ndani. Mtoto anatoka ndani, anakuja nje. Si kitu kimoja. Umeniandikia kwamba mota ikiwashwa naye anaanza. Je, mota ikizimwa? Hujaniandikia. Mwanangu, umenipa habari nzuri sana za mashine ya Bwana Sadallah. Za mtoto bado hujanipa.

Ijumaa mashine ikizimwa, usikimbilie soga. Lala kwa ubavu kwenye yale magunia matupu, weka mkono tumboni, tulia naye. Jioni nyumbani ufanye vilevile. Anapenda saa gani? Anapiga upande gani? Ana nguvu kiasi gani? Mzoee kama unavyowazoea wateja wako, kwamba huyu ni wa asubuhi na yule ni wa kuchelewa. Ukishamzoea, siku akibadilika utajua mwenyewe. Na hilo benchi lihamishe, nondo zisikuzuie.

Mwishoni mwa barua yako kulikuwa na swali, lakini wino ulikuwa umefifia, sikuweza kulisoma.

Shangazi yako,
Mwalimu Brigita


Singe, Babati
3 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima. Baba alikwenda kuangaliwa, si kiatu.

Uliniharibia wiki nzima. Barua yako niliipokea Jumatano, na hadi Ijumaa nilikuwa nakaa kwenye lile benchi natoka jasho. Bwana Sadallah alipozima mota, ule mchezo wote ukazimika hapo hapo. Shangazi, nilikuwa nacheza na sakafu! Miezi yote hii nasifia sakafu. Nikalala kwenye magunia kama ulivyosema, mkono tumboni, na tumbo limetulia, na mimi nikaanza kulia kama mjinga, wateja wananitazama. Halafu akanipiga. Haikuwa kutetemeka. Kilikuwa kisigino, kulia, chini ya mbavu, kama mtu anayeuliza nani amezima.

Sasa namjua. Mchana ni mvivu. Jioni tukishakula, Apolinary akiwasha redio ya habari, ndipo anapoamka na kupiga hadi blanketi linanyanyuka. Kwikwi pia anazo. Benchi limehamia mlangoni.

Nilimsimulia Nesi Anifa, akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema hakuna idadi moja ya mateke kwa watoto wote, kila mtoto ana mazoea yake, na mama ndiye anayeyajua. Akipunguza kuliko alivyozoea, niende siku hiyo hiyo, nisingoje tarehe ya kliniki, nisingoje kesho. Akaniambia pia nikilala nilale kwa ubavu, nisilale chali.

Wino haukufifia. Nilitumia peni mpya. Mtoto gani?

Mwanao,
Ritha


Singe, Babati
28 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi imepungua na viazi vimepata walaji. Sisi tunaendelea. Baba sasa ana fimbo, anasema ni ya kufukuzia mbwa. Kuku wametotoa, mama mkwe ameanza kuwapa majina ya watu wa ukoo, na jogoo mmoja anaitwa kwa jina la Baba mwenyewe.

Apolinary amemaliza kuvuna. Wiki hii tunapukuchua mahindi nyumbani, na ua mzima umejaa magunzi, huwezi kupita bila kuteleza. Mashine nayo haipumziki. Mkanda ulikatika juzi, Bwana Sadallah akafunga mwingine mwenyewe na shati lake la msikitini likaharibika, hadi leo hajamsemesha mtu.

Kwenye jumuiya yetu wamenichagua kuwa mweka hazina. Nilikataa wakaandika jina langu hivyo hivyo. Paskalina, yule tuliyesoma naye, ameolewa Katesh, harusi ilikuwa nzuri ila wali haukutosha.

Mgeni naye ametulia. Tangu jana jioni hajanipiga, redio imewashwa na kuzimwa. Leo amesogea kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Mama mkwe anasema mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, nafasi imembana, tena huyu ni wa kiume na ana adabu zake. Amenipa soda ya baridi nimwamshe nayo. Sitaki kwenda kuwasumbua manesi, wataniona nadeka. Wewe unaonaje? Apolinary atampa Praygod barua hii kesho alfajiri. Nitasubiri jibu lako.

Mwanao,
Ritha


Mbulu
Ijumaa, 29 Agosti 2025

Ritha,

Sisalimii.

Nenda hospitali sasa hivi. Usimalize kusoma. Mpe Apolinary karatasi hii amalizie yeye, huku mkitembea.

Nimeisoma barua yako stendi, nimesimama, nikicheka kwa jogoo, hadi nilipofika chini. Mtoto habanwi na nafasi akanyamaza. Anacheza mpaka siku ya kuzaliwa. Soda haifanyi kitu ila kukupotezea muda. Manesi kazi yao ni kusumbuliwa.

Wangu alitulia. Wakaniambia anapumzika, nikasubiri, na alipozaliwa hakulia. Hilo ndilo swali lako, na hilo ndilo jibu.

Nimemshika Praygod mkono mbele ya abiria wote apige simu kwa Apolinary na amsomee haya kwa sauti. Simu haikupokelewa. Atapiga tena njiani, na karatasi yenyewe anayo. Usinijibu. Nenda.

B.


Singe, Babati
21 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua Apolinary alituma meseji kwa Mama Fabiola kwamba wote tuko hai. Lakini wewe umenifundisha kwamba meseji haina nafasi, kwa hiyo kaa chini nikusimulie. Jambo kubwa naliweka juu kama mwalimu wangu anavyotaka: ni wa kike, ni mdogo, ananyonya, na analia hadi majirani wanatuletea ushauri.

Siku ile ya Ijumaa nilikwenda kazini. Nilijiambia mashine itanisaidia nisifikiri, na ilinisaidia kweli. Benchi nilikuwa nimelirudisha ndani, Shangazi. Sikuona haya kulirudisha. Nilikaa pale sakafu ikinitetemesha, nikajiambia unaona, anacheza, huyu hapa.

Halafu Bwana Sadallah akazima mota, akanawa, akaondoka kwenda msikitini. Nikalala kwenye magunia kwa ubavu. Nikaweka mkono. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanazungumza habari za bei ya mbegu, na mimi nilikuwa nasikia kila neno, kwa sababu ndani yangu hakukuwa na mtu wa kunikatiza. Nilimngoja. Nikamwita kwa sauti, wale wateja wakageuka. Kilichokuja ni kitu chepesi mno, kama kidole kwenye shuka, kisha basi.

Nikavua aproni nikaiweka juu ya mizani. Sikumuaga mtu, sikumpigia mama mkwe simu. Nilimfuata Apolinary nyumbani kwenye magunzi, nikamwambia twende, akaacha simu yake juu ya gunia. Ndiyo maana Praygod hakumpata.

Nesi Anifa alikuwa zamu. Nikaanza na salamu, nikamuuliza habari za watoto, nikataka kumuuliza na nyumbani kwake, akanikatiza: "Mama, mtoto anacheza?" Nikasema amepungua tangu juzi. Akaniambia, "Hapo ndipo ungeanzia." Hakugomba. Nilimwomba radhi kwa usumbufu, akasema hata ningekuja kila wiki na kila wiki ikawa salama, angenipokea kila wiki.

Moyo wa mtoto ulikuwepo. Niliusikia kwenye kile kifaa chao, na nikacheka kwa furaha, lakini Nesi hakucheka. Ulikuwa unapungua, unarudi, unapungua. Daktari akaja, wakanipima kwa picha, akasema tusingoje. Nikafanyiwa upasuaji jioni ile ile. Baadaye alinieleza kwamba kondo la nyuma lilikuwa limechoka, chakula na hewa vilimfikia kidogo, kwa hiyo mtoto alikuwa anabana nguvu zake ili aishi. Hakuwa anapumzika. Nimelifikiria sana hilo, kwamba kukaa kimya ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba msaada.

Alilia akiwa bado mikononi mwa daktari. Mama mkwe alikuwa nje mlangoni na chupa ya uji, aliposikia akasema, "Basi, adabu imeisha," kisha akakaa sakafuni akalia yeye. Hajataja tena habari za soda, na mimi siitaji. Wiki za kwanza nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa sababu ya udogo wake. Apolinary naye alikuwa anambeba akiwa amevua shati, ungeona haya yake mbele ya manesi ungecheka.

Karatasi yako Praygod aliileta wodini mwenyewe, jioni ile, akiwa na kofia mkononi. Niliisoma kesho yake nilipoweza kukaa. Niliisoma tena na tena ile sehemu ya mtoto wako, Shangazi. Nimekwenda Bonga kwa Baba na barua ile, safari hii hakuomba maji. Alisema walikutenga. Alisema ilikuwa desturi.

Mtoto bado hana jina. Tunamwita Mgeni na anaitika kwa kulia. Nataka kukuuliza, na najua wino wangu haujafifia: wako ulimpa jina gani? Kama alikuwa wa kike, naomba nimpe wangu.

Mwanao,
Ritha


Mbulu
5 Oktoba 2025

Ritha mwanangu,

Marahaba, wewe na huyo anayelia. Mama Fabiola alipoleta ile meseji niliisoma, nikamrudishia simu, nikaenda nyuma ya nyumba kufua nguo zilizokuwa safi. Salamu kwa Apolinary asiye na shati, na kwa mama mkwe. Usimkasirikie. Aliyosema ndiyo aliyoambiwa na yeye, na waliomwambia waliambiwa. Mpelekee Nesi Anifa unga mzuri wa dona. Baba yako mwambie fimbo si aibu.

Nilichelewa kukujibu. Kila siku nilianza na salamu nikaishia hapo.

Ilikuwa kama baba yako alivyosema. Mwanamke aliyezaa mtoto asiyelia aliogopwa, kwamba ana mkosi wa kuambukiza. Nilikaa chumba cha nyuma. Kikombe changu kilikuwa changu peke yangu, na kigoda changu pia. Nilikatazwa kupita karibu na zizi au kuingia kwa jirani. Waliniletea chakula wakakiweka mlangoni, wakarudi bila kuniamkia. Hawakuwa watu wabaya. Wengine walilia wakiwa mbali. Lakini msimu mzima, mahindi yakapandwa na kupaliliwa, hakuna aliyeniambia hujambo. Baba yako peke yake, alikuwa chuo wakati ule, ndiye aliyeniandikia. Kurasa mbili za salamu, hakuna habari yoyote ndani, salamu tupu za kila mtu na hata za ng'ombe. Nikazisoma hadi karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Sasa unajua kwa nini nakusumbua na barua.

Hatukupata mwingine. Mume wangu alifariki bila sisi wawili kumtaja mtoto hata mara moja. Nilipotoka kwenye kile chumba nilirudi shuleni, wakaendelea kuniita Mwalimu, nami nikaitika.

Alikuwa wa kike. Jina nilimpa nikiwa mle chumbani, peke yangu, bila padri. Hujui ilivyonitikisa kuulizwa. Nililisema kwa sauti jikoni, nikalisema tena nikiwa nimeshika koo ili nilisikie kwa mkono.

Lakini usimpe wako, mwanangu. Nimekufikiria na nimekushukuru, ila hilo jina lina mwenyewe. Huyo wako amepambana, ana haki ya kupata lake jipya. Mtafutie zuri, mbatizeni, nami nitashuka Babati kwa basi la Praygod, nimshike na nimsikilize kwa kifua. Na barua ijayo niandikie salamu zake. Ziweke juu kabisa, kabla ya kuku.

Shangazi yako,
Mama Gaudiosa